Matarishi wa Gurudumu Lisilopumzika

Ateremkaye kilima kwa baiskeli huacha kupiga pedeli. Miguu hutulia, gurudumu la nyuma huendelea kuzunguka peke yake, na katikati yake husikika ule mlio wa kutatarika ambao kila mtoto wa pwani aliyewahi kuazima baiskeli ya mjomba wake anaujua. Mlio huo ni wa friwili, na neno lenyewe limekaa katika Kiswahili hata ugeni wake umesahaulika. Lakini baiskeli ilizaliwa bila ya friwili. Rover ya John Kemp Starley, iliyotoka Coventry, Uingereza, mwaka 1885, ambayo ndiyo mama wa baiskeli za leo, mnyororo wake ulilishika gurudumu la nyuma moja kwa moja: gurudumu likizunguka, pedeli nazo huzunguka, na mguu ulio juu ya pedeli hauna hiari. Friwili ilienea mwanzoni mwa karne ya 20, na walimwengu wakaipokea kwa furaha. Waliobakia na mtindo wa kale walikuwa hasa wakimbiaji wa viwanjani na, miaka mingi baadaye, kwa sababu nyingine kabisa, matarishi wa jiji la New York.

Uwanja wa mbio hauna njia panda wala taa, wala mtu wa kukatiza ghafla na kikapu chake. Breki humo imekatazwa, kwani asimamaye ghafla huwaangusha walio nyuma yake. Katika viwanja hivyo alipata jina Marshall Taylor, Mmarekani mweusi wa Indianapolis, aliyejulikana zaidi kwa lakabu ya Major. Desemba 1896, akiwa kijana wa miaka 18, alishiriki mbio za siku sita katika Madison Square Garden, New York. Mwaka 1899 akawa bingwa wa dunia huko Montreal. Mbio hizo za siku sita ziliwatesa watu hata mwaka 1898 jimbo la New York likapiga marufuku mtu mmoja kuendesha zaidi ya saa 12 kwa siku. Waandaaji wakawapanga wakimbiaji wawili wawili, mmoja akikimbia na mwenzake akipumzika, na aina hiyo ya mbio ingali inaitwa madison hadi leo. Gurudumu lilikataa kumpumzisha mtu, ikabidi sheria impumzishe. Taylor mwenyewe alifariki Chicago mwaka 1932, akazikwa katika makaburi ya mafukara.

Kutoka uwanjani hadi barabarani, baiskeli hiyo ilipelekwa na kazi. Katika miaka ya 1970 na 1980, kabla ya faksi kuingia kila ofisi, biashara ya Manhattan ilitegemea karatasi: mikataba ya kutiwa saini, michoro ya wasanifu majengo, picha za matangazo. Gari lilikwama katika msongamano, tarishi wa baiskeli alipita. Alilipwa kwa kila bahasha, si kwa saa. Baiskeli ilikuwa mali yake, na aghalabu jeraha nalo lilikuwa lake. Kwa mtu wa namna hiyo chombo kisicho na friwili, wala vibadilisha-gia, na mara nyingine kisicho na hata breki, kilikuwa na faida iliyo wazi. Kisichokuwapo hakiharibiki. Husimuliwa pia kwamba wahamiaji wa Jamaika na Trinidad, ambako mbio za uwanjani zilipendwa, ndio walioileta baiskeli hiyo katika barabara za New York. Kutoka Harlem alitokea tarishi mmoja, Nelson Vails, ambaye mwaka 1984 alipata medali ya fedha katika Olimpiki ya Los Angeles.

Uchache wa vyuma, hata hivyo, haukumaanisha uchache wa uangalizi. Gia ndogo ya nyuma hukazwa kwa kuzungushwa kulia, na juu yake hukazwa pete yenye hesi za kinyume, yaani ya kukazwa kwa kuzungushwa kushoto. Bila ya pete hiyo, siku tarishi atakapozuia pedeli kwa nguvu ili apunguze mwendo, gia ingejifungua yenyewe na miguu ikabaki ikizuia upepo. Mnyororo nao hauna springi ya kuuvuta. Mwenyewe hulegeza nati mbili kwa spana ya milimita 15, akalivuta gurudumu nyuma, akazungusha pedeli taratibu hadi apate pahala mnyororo unapokaza zaidi, ndipo akaza. Ukizidi kukaza, gololi huumia. Ukilegea, mnyororo huruka, na kwa asiye na breki nyingine mnyororo ulioruka ni breki iliyopotea. Isitoshe, barabara za New York humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na watu wa pwani hawahitaji kufundishwa chumvi inavyokula chuma.

La ajabu zaidi lilikuwa hesabu ya tairi. Ili aburure gurudumu la nyuma, mwendeshaji huinama mbele, uzito ukahama, kisha akaishika miguu isizunguke, na kila mara huishika katika mkao uleule. Gia ya mbele ikiwa na meno 48 na ya nyuma 16, gurudumu huzunguka mara tatu kamili kwa kila mzunguko wa pedeli, kwa hiyo tairi hukwaruza lami kwa sehemu ileile moja, hata itoboke huku kwingine ikiwa mpya. Gia ya nyuma ikiwa na meno 17, sehemu za kuliwa huwa 17. Jino moja tu! Mtu ambaye wenye ofisi walimdhania hajui ila kukimbia alikuwa akipiga mahesabu ya visehemu jioni kwa ajili ya bei ya tairi. Kusifu ujuzi huo si kuficha hatari yake: sheria ya jimbo hutaka baiskeli iwe na breki iwezayo kuburura gurudumu juu ya lami kavu, na miguu, hata iwe hodari namna gani, hushindwa siku ya mvua. Waenda kwa miguu waligongwa, na wengine walikufa.

Hasira za mji zikafika juu. Julai 1987 Meya Ed Koch alitangaza kupiga marufuku baiskeli katika barabara za Fifth, Park na Madison, kati ya mtaa wa 31 na wa 59, siku za kazi, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Hizo ndizo barabara zenyewe zilizokuwa zikingoja bahasha, na saa zenyewe za kuzipeleka. Matarishi na waendesha baiskeli wengine wakajibu kwa kuandamana jioni wakienda polepole, wakiitii kila taa, jambo lililouziba mji kuliko mbio zao zote. Mahakama iliitengua amri hiyo, si kwa huruma, bali kwa kuwa jiji halikuitangaza kama taratibu zinavyotaka. Kilichokuja kuipunguza kazi ya matarishi ni faksi, kisha intaneti.

Kulikuwa na swali jingine: baiskeli ilale wapi? Barabarani hailali. Mwizi huchukua gurudumu au kiti, akishindwa na fremu, na mwaka 2004 picha za video zilionyesha kuwa kufuli za umbo la U zenye ufunguo wa mviringo, walizoziamini wengi, zilifunguka kwa gamba la kalamu ya plastiki. Kwa hiyo ilibebwa begani ngazi hadi ngazi na kutundikwa ukutani juu ya kitanda, katika chumba ambacho mwenyewe hakumtoshi. Miaka hiyohiyo ya 2000 vijana wenye kipato waliipenda, wakaipaka rangi na kuitundika sebuleni kama picha, bei ikapanda.

Ndipo, mwaka 2009, New York ikapitisha sheria ya kuziingiza baiskeli katika majengo ya ofisi. Mpangaji akiomba, mwenye jengo hulazimika kuwaruhusu waajiriwa wa mpangaji huyo kupanda na baiskeli zao kwa lifti ya mizigo. Tarishi si mpangaji, wala si mwajiriwa wa mpangaji. Aliendelea kuifunga yake kwenye nguzo ya barabarani, akapanda na bahasha hadi ghorofa ya 40, akasubiri saini, kisha akateremka upesi kutazama kama ingalipo.