Sabuni za mikono na zawadi kwa wenye ngozi nyeti: Neno 'asilia' pekee halitoshi

MTAA wa Kileleshwa, magharibi mwa jiji la Nairobi, umebadilika mno tangu miaka ya 2000. Bangalo nyingi za zamani zenye bustani pana zimeyapisha majumba marefu ya kukodisha, na katika jikoni za vyumba hivyo, kama ilivyo katika mitaa jirani ya Kilimani na Lavington, zimechipuka biashara ndogo ndogo zisizohitaji duka wala kibanda. Mojawapo ni ya sabuni zinazotengenezwa kwa mikono. Mteja huagiza kwa simu, hulipa kwa M-Pesa na kuletewa mzigo na mwendeshaji bodaboda.

Aghalabu sabuni hizi hununuliwa ziwe zawadi. Kuna kipande kilichopigwa muhuri wa jina la mtoto mchanga, sanduku la bibi harusi lenye vipande vinavyolingana na rangi za arusi yake, na kifurushi cha Krismasi cha mama mkwe. Bei yake hupita kwa mbali ile ya sabuni ya kiwandani. Kinachomfanya mnunuzi akubali kulipa ni maneno mawili yanayoandikwa kwenye karatasi ya kufungia: kwamba sabuni hiyo ni 'asilia', na kwamba inafaa 'ngozi nyeti', yaani ile inayowasha, kupasuka au kutokwa vipele upesi.

Hapo ndipo penye tatizo. Anayetunukiwa sabuni ya namna hii mara nyingi ndiye hasa asiyestahimili makosa: mtoto mwenye ukurutu, mama aliyejifungua juzi, au mgonjwa ambaye ngozi yake tayari ina michubuko. Mtoaji hana nia mbaya, na mtengenezaji pia. Hata hivyo, neno 'asilia' halielezi chochote kuhusu kitakachompata mtu huyo bafuni.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba hakuna sabuni isiyo na kemikali. Sabuni ni zao la mafuta yaliyokutana na alikali kali. Mababu waliipata alikali hiyo kwa kuchuja maji kwenye majivu. Mnamo 1791 Mfaransa Nicolas Leblanc alipata hataza ya kutengeneza magadi kutokana na chumvi ya kawaida, na mwenzake Michel Eugène Chevreul akachapisha mwaka wa 1823 utafiti ulioeleza mafuta yameundwa na nini. Leo mtengenezaji wa Kileleshwa hutumia kostiki soda. Kipande kilichopimwa vizuri hakibaki na kostiki soda hata chembe, kwa kuwa yote huwa imeliwa na mafuta. Kinachobaki ni sabuni, glisirini na mafuta kidogo ya ziada.

Wakenya wanafaa kutahadhari na neno magadi. Magadi yanayochimbwa katika Ziwa Magadi, kaunti ya Kajiado, si kostiki soda. Hayo ni kaboneti ya sodiamu, ambayo nguvu yake ni ndogo, na ambaye atayatia katika mafuta akitarajia kupata sabuni ngumu ya kuogea ataambulia uji wenye mafuta juu. Kinyume chake ni hatari zaidi: anayeichukulia kostiki soda kuwa sawa na magadi ya kupikia maharagwe anacheza na kitu kinachounguza ngozi na kupofusha macho.

Vipimo ndivyo roho ya kazi hii. Kila mafuta huhitaji kiasi chake cha kostiki soda. Gramu moja ya mafuta ya nazi hula takriban gramu 0.183, ya parachichi 0.133, na ya siagi ya shea 0.128. Tuseme mtu amechanganya gramu 300 za mafuta ya parachichi, 100 za nazi na 100 za shea. Kostiki soda inayoweza kuyala mafuta hayo yote ni karibu gramu 71. Mtengenezaji mwangalifu hatii zote. Hupunguza asilimia 5, akatia 67 hivi, ili sehemu ya mafuta ibaki bila kugeuka na kuilinda ngozi. Akibadilisha mafuta yoyote, sharti apige hesabu upya. Kukadiria kwa kijiko au kikombe, mtindo unaoonekana katika video nyingi za mafunzo, hakufai kabisa. Bila mizani ya kupima gramu, hakuna sabuni ya kumpa mtu mwenye ngozi nyeti.

Mafuta ya nazi yanastahili neno la pekee kwa sababu ni rahisi kupatikana kutoka Kilifi na Kwale, na hutoa povu jingi. Povu hilo lina gharama. Sabuni ya nazi husafisha kwa ukali na kuyaondoa mafuta ya mwili pamoja na uchafu, hivyo ikizidi katika mchanganyiko huikausha ngozi. Kwa ngozi nyeti ni heri nazi isipite sehemu moja kwa tano, na nafasi kubwa waachiwe mafuta ya parachichi, ya zeituni au siagi ya shea, ambayo huletwa hasa kutoka kaskazini mwa Uganda. Sabuni ya aina hiyo haina povu la kujivunia, na wateja wengine hudhani ni hafifu.

Kostiki soda hutiwa ndani ya maji. Maji hayamwagwi kamwe juu ya kostiki soda, kwani huchemka na kuruka. Pia haipatani na alumini, na hilo si jambo dogo katika nchi ambayo karibu sufuria zote za jikoni ni za alumini: huila sufuria na kutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto. Chombo kinachofaa ni cha chuma kisichoshika kutu au plastiki nzito. Miwani na glavu ni lazima. Kuweka mchanganyiko huo katika chupa ya soda au ya maji ni kuwatega watoto, na madaktari wa Afrika Mashariki wanawajua vyema watoto waliounguzwa koo kwa namna hiyo, wengine wakihitaji matibabu ya miaka.

Baada ya kumiminwa katika kalibu na kukatwa vipande siku moja au mbili baadaye, sabuni huachwa ikomae kwa wiki nne hadi sita mahali penye hewa. Maji hupungua, kipande hukazana na kuwa laini zaidi kwa ngozi. Msimu wa mvua za masika, Machi hadi Mei, kazi hiyo huchelewa Nairobi kwa sababu ya unyevu. Baridi ya Julai nayo huyagandisha mafuta ya nazi, ambayo huyeyuka yakifikia nyuzi 24 hivi. Ndiyo maana ni majimaji Mombasa na ni mgando Kileleshwa. Yote haya yana maana kwa anayeagiza zawadi. Sabuni ya Krismasi sharti iwe imemiminwa mapema Novemba, na ya Februari 14 mwanzoni mwa Januari. Anayeahidi kuitengeneza na kuipeleka kwa siku tatu ama anauza sabuni ambayo haijakomaa, ama ameyeyusha vipande vya glisirini vilivyonunuliwa vikiwa tayari, kuvitia rangi na kuvimimina upya. Hakuna ubaya katika kuyeyusha, almuradi mteja aambiwe, maana baadhi ya vipande hivyo huwa na sabuni za viwandani zenye povu kali ambazo mteja alikuwa akizikimbia.

Hata ile iliyotengenezwa kwa uangalifu wote ina mpaka wake. Ngozi ya binadamu ina asidi kidogo, kiwango cha pH kikiwa karibu 5. Sabuni halisi, iwe ya kiwandani au ya mikono, huwa kati ya 9 na 10. Haiwezekani kuishusha hadi kiwango cha ngozi ikabaki sabuni. Itavunjika na kurudi kuwa mafuta. Hivyo basi, anayedai kwamba sabuni yake ya kostiki soda ina 'pH sawa na ya ngozi' ama hajui, ama anadanganya. Watu wengi huivumilia hali hiyo bila shida kwa kuwa ngozi hujirekebisha baada ya saa chache. Mwenye ukurutu mkali huenda asiweze, na kwake madaktari wa ngozi hupendekeza visafishio visivyo sabuni, ambavyo hutengenezwa viwandani. Hapa 'asilia' hushindwa na 'kiwanda', na si aibu kulisema.

Lakini kinachowaumiza wengi zaidi ni manukato. Umoja wa Ulaya uliorodhesha mwaka wa 2003 viambato 26 vya manukato ambavyo ni lazima vitajwe kwa jina kwenye vipodozi kwa kuwa huleta mzio, na mnamo 2023 ukaongeza vingine zaidi ya 50. Anayeipitia orodha ya kwanza hukutana na mimea anayoijua. Mchaichai una sitrali na jeranioli. Karafuu ina eujenoli. Mdalasini una sinamali. Mlavenda una linaluli, ambayo ikikaa na kupigwa na hewa huzidi kuwa kali kwa ngozi. Hii ni mimea asilia kabisa, tena mingine ndiyo fahari ya Pwani na Zanzibar. Mwili wenye mzio hautofautishi kati ya linaluli ya ua na ile ya maabara. Kwa mwenye ngozi nyeti, sabuni bora ni isiyo na harufu wala rangi, nayo ndiyo isiyopendeza kuonekana katika sanduku la zawadi.

Vyakula navyo vina hadithi yake. Maziwa ya mbuzi, asali, shayiri na lozi hutiwa katika sabuni kwa imani kwamba kinacholiwa hakiwezi kudhuru ngozi. Japani ililipa gharama ya imani inayofanana na hiyo. Sabuni ya uso iliyokuwa na protini ya ngano iliyovunjwavunjwa iliondolewa sokoni mwaka wa 2011, baada ya watumiaji kupata mzio wa ngano. Idadi yao ilipita 2,000, na wengi waliugua baada ya kula mkate au tambi walizozizoea. Protini hiyo ilikuwa imepenya kupitia ngozi na utando wa macho na pua. Si kila maziwa au shayiri yatafanya vivyo hivyo, ila ngozi iliyopasuka ni mlango ulio wazi, na mtoto mwenye ukurutu hana haja ya kupakwa lozi au karanga.

Mwarobaini na alovera hutajwa sana pia. Mafuta ya mwarobaini yana harufu nzito na baadhi ya watu huwawasha. Utomvu wa alovera hutuliza, ingawa ukishapita katika kostiki soda haijulikani wazi kiasi gani cha sifa zake husalia. Kwa upande wa sheria, ukataji wa alovera mwitu kwa biashara ulipigwa marufuku nchini Kenya kwa agizo la rais mwaka wa 1986, na kanuni za kuusimamia upanzi wake zikatolewa 2007. Kwa hivyo chanzo cha utomvu ni swali halali kwa muuzaji.

Zawadi iliyokusudiwa mtu fulani inapaswa kuanza na maswali, si na rangi. Je, ana mzio unaojulikana? Anatumia nini sasa bila kudhurika? Ni wa kuoga mwili au uso? Jina lake linaweza kupigwa muhuri juu ya kipande kitupu bila kuongeza kiambato chochote. Maua makavu yanayobandikwa juu hugeuka rangi ya kahawia na kukwaruza. Uzuri wote unaweza kuhamishiwa kwenye kifungio: kikapu cha ukili, kiondo kidogo, kipande cha leso, karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Harufu ikitakiwa sana, itiwe kwenye mshumaa na sabuni iachwe.

Mnunuzi ana haki ya kuona orodha kamili ya viambato. Viwango vya Afrika Mashariki EAS 346 vinasimamia maandishi ya vipodozi, na EAS 377 hutaja viambato vilivyokatazwa. Sabuni inayouzwa inatakiwa kuwa na alama ya ubora ya Shirika la Viwango nchini, Kebs, hata ikitoka katika jikoni la chumba cha ghorofa ya nane. Nambari ya kibali hukaguliwa kwa kutuma ujumbe mfupi wenye herufi SM, alama ya # na nambari hiyo kwa 20023. Ukaguzi huu una umuhimu zaidi kwa sabuni zinazoahidi 'kung'arisha', kwani ndimo zebaki hupatikana. Mkataba wa Minamata wa 2013 uliweka mwaka wa 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza kimataifa sabuni za kung'arisha ngozi zenye zebaki, lakini bidhaa hizo zingali zinanaswa, nyingine zikiwa na picha za majani na matunda.

Aliyekwisha kupokea sabuni mpya aijaribu kwanza sehemu ya ndani ya mkono, chini ya kiwiko, mara mbili kwa siku kwa muda wa siku saba hadi kumi, akiiacha kwa dakika ambazo angeiacha akioga kisha kuisuuza. Uwekundu, mwasho au vipele vikitokea, aiache. Mtoto mchanga hahitaji sabuni kila siku. Maji ya uvuguvugu humtosha, na sabuni kidogo isiyo na harufu pale penye uchafu. Vipele vinavyotoa maji, vinavyosambaa au kuambatana na homa ni vya hospitali.

Kipande kisichotumika kihifadhiwe pakavu, katika karatasi inayopitisha hewa. Mafuta ya ziada yaliyomo huchacha kadiri muda unavyopita, na madoa ya rangi ya chungwa pamoja na harufu ya mafuta yaliyokaa huonyesha kuwa wakati wake umepita. Kwa sabuni nyingi za mikono hilo hutokea baada ya mwaka mmoja au zaidi, mapema kidogo katika joto la Pwani.