Homa na Rejista: Streptokokasi katika Historia ya Afya ya Pwani, Mahurunga na Kilifi

Insha hii inadai kwamba rejista ya zahanati haipaswi kusomwa kama hesabu kamili ya magonjwa. Katika kata ya Mahurunga, karibu na mlango wa Mto Ruvuma, malaria ni ugonjwa wa kudumu. Mtoto mwenye homa na pumzi za haraka anaweza kuwa na malaria, nimonia au vyote viwili. Dalili pekee hazitoshi kuvitenganisha.

Ushahidi wa hoja hii unapatikana kaskazini zaidi katika mwambao huohuo, Kilifi nchini Kenya. Kuanzia Agosti 1998 hadi Julai 2002, watoto waliolazwa katika hospitali ya wilaya walichukuliwa damu ili vimelea vioteshwe maabara, bila kungoja daktari ashuku maambukizi. Asilimia 26 ya vifo vya watoto hospitalini humo viliwapata waliolazwa wakiwa na bakteria katika damu. Streptokokasi ya nimonia ilikuwa miongoni mwa bakteria wakuu.

Kenya ilianzisha chanjo dhidi yake Januari 2011. Kwa watoto wa Kilifi walio chini ya miaka 5, maambukizi makali ya aina zilizolengwa yalipungua kwa takriban asilimia 92. Upungufu huo uliweza kupimwa kwa kuwa hesabu ya awali ilikuwapo.

Kwa hiyo, neno “malaria” katika rejista ya zamani ni ushahidi wa uamuzi wa tiba kwanza, kabla ya kuwa ushahidi wa ugonjwa. Ukimya wa rejista kuhusu streptokokasi hauthibitishi kwamba haikuua watoto.