4636: Haiti, Januari 2010, na ile programu yetu

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa kwa sababu ya mteja mmoja na hifadhidata yake (hadithi ya siku nyingine). Leo naweka msimbo kando niandike historia kidogo. Kila nikikutana na wageni wa teknolojia hapa Nairobi, hakosi mmoja wa kuniambia kwamba sisi Wakenya ndio tuliookoa Haiti kwa programu ya Ushahidi. Mimi hutabasamu tu na kunywa chai yangu. Si uongo, lakini si ukweli wote.

Turudi siku yenyewe. Jumanne tarehe 12 Januari 2010, saa kumi na dakika 53 jioni kwa saa za Haiti. Hapa kwetu ilikuwa karibu saa saba usiku na wengi wetu tulikuwa tumelala. Tetemeko la ardhi la kipimo cha 7.0 lilipiga karibu na mji wa Léogâne, kilomita kama 25 magharibi mwa mji mkuu, Port-au-Prince. Serikali ya Haiti ilisema waliokufa walizidi 300,000; wengine wametoa makadirio ya chini sana na ubishi huo haujaisha. Watu kama milioni 1.5 walibaki bila makao.

Janga likitokea, kwa kawaida kuna ofisi inayoshika usukani. Port-au-Prince, washika usukani wenyewe walikuwa chini ya vifusi. Ikulu iliporomoka, na wizara nyingi pia. Makao makuu ya kikosi cha Umoja wa Mataifa, yaliyokuwa katika hoteli ya Christopher, yalianguka yakamuua mkuu wake, Hédi Annabi, pamoja na naibu wake. Bandari iliharibika. Uwanja wa ndege ulikuwa na njia moja tu ya kurukia na mnara wa kuongozea ndege haukufaa tena. Wanajeshi wa Marekani ndio walioanza kupanga ndege ipi itue na ipi isubiri. Ndege iliyobeba hospitali ya mahema ya kujazwa hewa ya Médecins Sans Frontières ilizuiwa kutua, ikaelekezwa Jamhuri ya Dominika, na mizigo ikabidi iletwe kwa barabara.

Kilichobaki kikipumua ni SMS. Mnajua jinsi mkesha wa Mwaka Mpya simu hukataa kabisa, halafu saa tisa usiku salamu zote zinaingia kwa mkupuo? Ujumbe mfupi ni mdogo, na usipopita sasa husubiri kwenye foleni ya kampuni ya simu hadi nafasi ipatikane. Kwa hivyo hata minara michache iliyosalia iliweza kubeba maneno ya watu wengi.

Sasa ndipo tunapoingia sisi. Ushahidi ilizaliwa Januari 2008, wakati wa ghasia baada ya uchaguzi. Ory Okolloh alitoa wazo kwenye blogu yake, na wenzake, wakiwemo David Kobia, Erik Hersman na Juliana Rotich, wakaunda tovuti kwa siku chache: shahidi anatuma ripoti, ripoti inakuwa nukta kwenye ramani. Baadaye wakaifanya programu huria. Usiku ule wa tetemeko, Patrick Meier, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamifu katika Chuo Kikuu cha Tufts karibu na Boston na pia akifanya kazi na Ushahidi, alisaidiana na Kobia kufungua ramani ya Haiti. Wanafunzi wenzake wakajitolea kusoma habari, Twitter na Facebook na kuweka nukta moja moja.

Siku chache baadaye ikaja nambari 4636, ya bure kwa mtu yeyote mwenye simu ndani ya Haiti. Ujumbe ukamiminika, na hapo ndipo programu ilipogonga mwamba. Watu waliandika kwa Krioli ya Haiti, tena Krioli ya simu, yenye vifupisho na tahajia ya kila mtu na lake. Waokoaji, wengi wao wanajeshi wa Marekani, hawakuielewa.

Waliosaidia ni Wahaiti wenyewe, wale walioko Marekani, Kanada, Ufaransa na kwingineko. Zaidi ya watu elfu moja waliingia mtandaoni wakawa wanatafsiri, wanapanga ripoti kwa aina na kutafuta mahali. Robert Munro, aliyeratibu kazi hiyo, aliripoti kwamba katika majuma sita ya kwanza walishughulikia ujumbe zaidi ya 40,000, na kwa wastani ulichukua dakika 10 tangu kuingia kwa Krioli hadi kufika kwa waokoaji ukiwa na tafsiri na mahali pake. Dakika 10! Kuna benki hapa mjini ambazo hazinijibu kwa siku 10.

Kutafuta mahali ndiyo sehemu ninayoiheshimu kuliko zote, kwa sababu mimi mwenyewe imenishinda. Niliwahi kupakua msimbo wa Ushahidi (PHP juu ya Kohana, wakongwe mnakumbuka) nikitaka kuutumia kwa ripoti za mafuriko mtaani kwetu. Nikaandika kijiprogramu cha kugeuza jina la mahali kuwa latitudo na longitudo. Ujumbe wa kwanza wa majaribio nilimwomba shangazi yangu. Akaandika kwamba yuko nyuma ya poshomili ya zamani, ukishuka steji. Programu ikarudisha sufuri. Poshomili hiyo ilibomolewa miaka mingi iliyopita, lakini kila mtu mtaani anajua ilikuwa wapi. Port-au-Prince ni hivyo hivyo: karibu na kanisa fulani, mkabala na duka la fulani. Mtu aliyekulia pale anasoma ujumbe akiwa Montreal, anaona kichochoro akilini, anaweka kidole kwenye picha ya setilaiti.

Na ramani yenyewe ya kuwekea kidole haikuwepo. Kabla ya tetemeko, OpenStreetMap ya Port-au-Prince ilikuwa na barabara kuu chache tu. Makampuni kama GeoEye na DigitalGlobe yalipotoa picha za setilaiti, mamia ya watu duniani walichora mitaa, vichochoro na kambi za mahema kwa siku chache, na vikosi vya uokoaji vikapakia ramani hiyo kwenye vifaa vyao vya GPS.

Je, nukta zililisha watu? Kuna waliofikiwa, na mkuu wa shirika la dharura la Marekani, Craig Fugate, aliisifu ramani hadharani. Lakini hesabu yenyewe hunisumbua. Ramani ya Ushahidi iliishia na ripoti zaidi ya 3,500 kidogo. Na kadiri siku zilivyosonga, ujumbe mwingi haukuwa tena wa mtu aliyenaswa chini ya ukuta. Ulikuwa wa maji, chakula na mahema. Msaada haukugawiwa kwa ujumbe mmoja mmoja. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza tarehe 31 Januari kugawa mchele katika vituo 16, kwa kuponi walizopewa wanawake. Mikutano ya uratibu ilifanyika ndani ya kambi ya Umoja wa Mataifa karibu na uwanja wa ndege, mingi kwa Kiingereza, na vikundi vingi vya Kihaiti havikupita getini. Fikirieni: Krioli ilitafsiriwa kwa dakika 10 ikawafikia wageni, lakini yaliyoamuliwa mezani hayakuwa na mtu wa kuyarudisha kwa Krioli.

Kisha kuna suala la siri. Mtu alituma ombi la msaada kwa nambari ya dharura, likaonekana kwenye ramani iliyo wazi kwa dunia nzima. Munro mwenyewe alilikosoa hilo baadaye. Mimi, ninayepachika ramani kwenye kila kitu, sikuwa nimeliwaza kabisa.

Baada ya majuma kadhaa waliojitolea walichoka, na kazi ya 4636 ikapelekwa Mirebalais, mji ulio kaskazini mashariki mwa Port-au-Prince. Kupitia Samasource na mradi wa huko, vijana wa Kihaiti walikaa mbele ya tarakilishi wakalipwa kusoma ujumbe wa wenzao. Wao hawakuhitaji kuelezwa kanisa gani wala duka la nani.