Zamu za Usiku Kwenye Mlima wa Karoo

Mwaka 1820 serikali ya Uingereza iliamua kujenga kituo cha falaki katika Rasi ya Tumaini Jema, ili mabaharia wake wapate orodha sahihi ya nyota za kusini. Mwaka uliofuata mwanafalaki Fearon Fallows akawasili Cape Town pamoja na mkewe Mary Anne na vifaa vichache vya kubebeka. Jengo lilikamilika mwaka 1828. Kifaa alichokisubiri kwa hamu kuliko vyote kilikuwa duara kubwa la kufungwa ukutani, la kupimia kimo cha nyota inapokatiza mstari wa kaskazini na kusini. Likiwa linashushwa, likaanguka.

Tangu siku hiyo duara lile lilikuwa kama shahidi anayebadilisha maneno. Vipimo vya upande mmoja havikupatana na vya upande wa pili, na Fallows alihangaika navyo hadi kifo chake mwaka 1831. Kaburi lake limo katika viwanja vya kituo. Mrithi wake, Thomas Henderson, aliichukia Cape Town na kuondoka baada ya mwaka mmoja na ushei. Lakini katika daftari zake alibeba vipimo vya Alpha Centauri vilivyoonyesha umbali wa nyota ile kutoka duniani, jambo ambalo wanafalaki walikuwa wamelitafuta kwa vizazi. Hakuharakisha kuvichapisha, duara lenye historia ya namna ile halimpi mtu ujasiri. Alipovitoa mwaka 1839, Friedrich Bessel wa Ujerumani alikuwa ameshatangaza umbali wa nyota nyingine, mwaka 1838. Sifa ikaenda Königsberg.

Kwa kawaida historia ya vituo vya falaki husimuliwa kwa majina ya wagunduzi. Ya kusini mwa Afrika inasimulika vizuri zaidi kwa kuwafuata waliovitunza vyombo, na waliokaa kikao kuamua ni nani atavitumia na usiku gani.

Enzi za Fallows swali hilo halikuwepo, kwani chombo kilikuwa na mwenyewe. Mkuu wa kituo alipima, wasaidizi wake wakaandika na kukokotoa. David Gill, aliyeongoza kuanzia 1879 hadi 1907, ndiye aliyeanza kuulegeza utaratibu huo. Picha za kimondomkia kikubwa cha mwaka 1882 zilimwonyesha nyota nyingi mno nyuma ya mkia wake, akatambua kwamba kamera inaweza kuorodhesha anga haraka kuliko jicho. Basi Cape ikapiga picha kwenye vioo, na Jacobus Kapteyn akavipima huko Groningen, Uholanzi. Orodha iliyotokana na ushirika huo ina nyota 454,875. Kapteyn hakuhitaji kuikanyaga Afrika ili kazi hiyo ifanyike. Data ilikuwa imeanza kusafiri badala ya mtu.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini Afrika Kusini ilijaa darubini za wageni. Harvard ilihamishia kituo chake cha Boyden karibu na Bloemfontein mwaka 1927. Chuo Kikuu cha Michigan kilikuwa na darubini mji huohuo, na Waholanzi wa Leiden walikuwa Johannesburg, jirani na kituo cha serikali ambako Robert Innes aliigundua nyota ya Proxima Centauri mwaka 1915. Kila taasisi ilikuja na chombo chake, kuba lake na fundi wake. Ilikuwa gharama kubwa, na pengine kiburi kidogo pia.

Taasisi iliyokuja na chombo kikubwa kuliko zote ni Radcliffe Observatory. Wadhamini wake waliuza kiwanja chao cha Oxford, wakaagiza kwa kampuni ya Grubb Parsons darubini yenye kioo cha inchi 74, yaani mita 1.9, isimikwe Pretoria. Vita Kuu ya Pili ikachelewesha kioo, na kazi ikaanza mwaka 1948. Wakati huo hakukuwa na darubini kubwa kuliko hiyo kusini mwa Ikweta. Hapo ndipo David Thackeray na Adriaan Wesselink walipozipata nyota za aina ya RR Lyrae, zinazotumika kupimia umbali, katika Mawingu ya Magellan, na kuunga mkono hoja kwamba ulimwengu ni mkubwa takriban maradufu ya ulivyodhaniwa. Chombo cha namna hiyo hakiwezi kubaki cha watu wachache. Wanafalaki wa Cape, waliokuwa na darubini ndogo tu, wakapatiwa sehemu ya usiku wake kwa makubaliano. Kugawana kukaanza.

Lakini kilichowasukuma wote pamoja ni taa. Cape Town, Johannesburg na Pretoria ziliendelea kupanuka, na vituo vilivyojengwa nje ya miji vikajikuta katikati yake. Wanafalaki wa Ulaya walikuwa wamepima anga ya nyanda za Karoo tangu mwaka 1955 wakitafuta mahali pa kituo chao cha pamoja, mwishowe wakachagua Chile. Waliobaki Afrika hawakuwa na Chile ya kukimbilia. Mwaka 1970 Uingereza na Afrika Kusini zikakubaliana kuunganisha kituo cha Cape na cha Johannesburg, na Januari 1972 ikazaliwa taasisi mpya ya pamoja, South African Astronomical Observatory, inayojulikana kwa kifupi SAAO. Ofisi na karakana zikabaki Cape Town. Darubini zikapandishwa mlimani katika Karoo hiyohiyo, karibu na Sutherland, mji mdogo wa wafugaji wa kondoo takriban kilomita 370 kutoka Cape Town, mahali pakavu palipo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Wakati wa baridi theluji huanguka huko, jambo ambalo wageni wengi wa Afrika hawaliamini mpaka waione.

Uhamisho wenyewe ulikuwa kazi ya mafundi. Darubini ya inchi 20 ilitoka Johannesburg na ile ya inchi 40 ikatoka Cape. Radcliffe ilipofungwa mwaka 1974, ile ya inchi 74 ikafunguliwa kipande kwa kipande Pretoria, ikasafirishwa na kuunganishwa upya mlimani, ikaanza kazi tena mwaka 1976. Ilibaki darubini kubwa kuliko zote nchini humo hadi mwaka 2005.

Sasa kukawa na mlima mmoja, darubini kadhaa na waombaji wengi. Mtu aliandika ombi akieleza anachotaka kupima, kwa chombo gani na kwa nini. Kamati ikasoma, ikakata, ikapanga. Muda uligawiwa kwa wiki. Mwezi nao ulikuwa na kauli yake katika kikao kile: usiku wenye giza, karibu na mwezi mwandamo, walipewa wanaosaka galaksi hafifu, na mwezi mpevu ukaachiwa wanaopima nyota angavu au mwanga wa infraredi, ambao hausumbuliwi sana na mbalamwezi. Aliyepewa wiki akapata mawingu siku zote saba hakufidiwa. Alirudi nyumbani, akaandika ombi jipya.

Kati ya wiki na wiki kulikuwa na mchana wa kubadilisha vifaa, na hapa ndipo mafanikio ya mgeni yalipoamuliwa. Chini ya kioo kikuu hufungwa kifaa kimoja kwa wakati: fotomita ya kupima ung'avu, spektrografu ya kuutawanya mwanga katika rangi zake, au kamera. Kila kimoja kina uzito wake, hivyo darubini lazima isawazishwe upya kwa vipingauzito, kebo ziunganishwe, na kipokea-mwanga kipozwe ili joto lake lisizae nyota za uongo. Mwanafalaki hufika jioni akakuta kila kitu tayari na kudhani ndivyo kilivyozaliwa. Bolti moja isiyokazwa, na spektra za wiki nzima husogea kila darubini inapoinama.

Katika utaratibu wa aina hii vipimo vya mtu mmoja hulazimika kulinganishwa na vya mwingine, na hilo lilimpa nafasi mtu kama Alan Cousins. Alikuwa mhandisi kabla ya kuajiriwa na kituo cha Cape mwaka 1947, na kwa miongo kadhaa alipima nyota zilezile kwa fotomita, tena na tena, hadi zikawa mizani ya wengine. Kazi hiyo haina vishindo. Hata hivyo, vichujio na vipimo vya rangi vinavyobeba jina lake hutumika mpaka leo katika vituo vingi duniani. Alifariki mwaka 2001, umri umepita miaka tisini.

Kugawana huko kulikuwa na mipaka yake, na haikuwekwa na mwezi. Chini ya ubaguzi wa rangi, mlango wa vyuo na wa taaluma ulifungwa kwa raia walio wengi. Sutherland ilikuwa ya pamoja kwa Waingereza na Waafrika Kusini weupe. Watu weusi hawakuwamo katika hesabu ya waombaji. Mafunzo ya kitaifa ya falaki na sayansi ya anga yaliyoanzishwa mwaka 2003 ndiyo yaliyoanza kuibadili orodha hiyo, kwa kuwaingiza vijana wa nchi hiyo na wa mataifa mengine ya Afrika.

Wakati huo zege la darubini mpya lilikuwa limeshamwagwa. Bob Stobie, mkurugenzi wa SAAO kuanzia 1992, aliitetea serikalini na kwa washirika wa nje, akafariki mwaka 2002 kabla ya kuiona ikifanya kazi. Ni SALT, iliyozinduliwa na Rais Thabo Mbeki tarehe 10 Novemba 2005: vioo 91 vya pembesita vilivyopangwa kuwa kioo kimoja cha upana wa takriban mita 11 kwa 10. Wenye hisa wake kwa nyakati mbalimbali wamekuwa pamoja na taasisi za Marekani, Ujerumani, Poland, India, Uingereza na New Zealand. Ili gharama ipungue, kioo hakiinuki wala hakiinami. Kimelazwa kwa pembe moja, muundo mzima huzungushwa kisha hutulizwa, na kifaa kilicho juu yake ndicho kinachoifuata nyota. Nyota ikitoka nje ya dirisha lake, imekwenda.

Haikuchukua muda kabla ya shida kujitokeza. Nyota za pembezoni mwa picha zilionekana zimevutika, na ukungu huo ukabadilika kadiri hewa ilivyopoa. Darragh O'Donoghue na wenzake walitumia miaka kuutafuta ugonjwa, wakaukuta pale kifaa cha kurekebisha taswira kilipofungwa kwenye fremu yake: baridi ilipokaza chuma, vioo vya ndani vilisogezwa. Aprili 2009 kifaa kikashushwa, kikafunguliwa na kufungwa upya, kikarudishwa mwaka 2010. Darubini ikarejea kazini mwaka 2011. Pengine Henderson angewaelewa. Tofauti ni kwamba hawa walikuwa na wenye hisa wa mabara kadhaa wakiuliza kila mwezi ni lini.

Dirisha lile finyu la SALT ndilo lililoua mtindo wa wiki. Hakuna haja ya kumsafirisha profesa kutoka Poland ili asubiri nyota inayoonekana kwa saa moja. Maombi hukusanywa kwa mihula miwili kwa mwaka, hupewa madaraja kuanzia sifuri hadi nne, na wafanyakazi wa mlimani huchagua usiku ule ule kinachofaa kulingana na mawingu, mwezi na utulivu wa hewa. Daraja la nne ni la usiku mbaya. Sifuri ni la dharura, na humsukuma kando yeyote aliyekuwa mbele kwenye foleni. Kubadili kifaa hakuhitaji tena mchana mzima. Vioo vidogo hugeuza mwanga kutoka kamera kwenda spektrografu kwa muda mfupi, hata katikati ya usiku.

Agosti 2017 utaratibu huo ulipata mtihani wake. Nyota mbili za nutroni ziligongana katika galaksi ya NGC 4993, mawimbi ya mvutano yakaifikia dunia, na kila darubini ikataka kuona kilichobaki. Galaksi hiyo ilikuwa ikizama magharibi mapema baada ya jua. SALT ilikuwa na nafasi fupi jioni, anga bado na mwanga. Ikapata spektra yake siku moja na kidogo baada ya mgongano, miongoni mwa za kwanza kabisa duniani.

Leo mlima ule una darubini za Wajapani, Wakorea na wengine, nyingi zikijiendesha zenyewe. Sheria ya mwaka 2007 inalinda giza la eneo hilo. Lesedi, ya kipenyo cha mita moja, imejengwa iweze kuendeshwa kutoka mbali, na SAAO inaziunganisha darubini zake kwa programu inayopanga nani aangalie nini bila kumwamsha mtu. Vioo 91 vya SALT, hata hivyo, vinachafuka. Vichache kwa zamu huondolewa, huoshwa, hupakwa alumini upya na kurudishwa mahali pake, kisha mafundi huanza na vinavyofuata.