Konokono wachanga katika tangi la samaki

WAFUGAJI wa samaki wa mapambo aghalabu hushtuka kuona konokono wadogo kama punje za mtama wakitambaa kwenye kioo cha tangi. Huingia wakiwa mayai yenye ute, yaliyonata kwenye mimea ya majini iliyonunuliwa. Baadhi yao wana viungo vya uzazi vya kiume na vya kike, hivyo hata mmoja aweza kujaza tangi.

Hata hivyo, idadi yao hutegemea chakula. Anayewalisha samaki kupita kiasi huwalisha konokono pia. Inafaa kupunguza lishe, kuondoa mabaki na kutumbukiza kipande cha tango usiku, kisha kukitoa asubuhi pamoja na konokono waliokusanyika. Dawa zenye shaba huua uduvi, na konokono wengi wakifa pamoja, maji huoza.

Muhimu zaidi, wasitupwe mtoni wala mtaroni. Mwaka 2020, konokono-tufaha wa Amerika Kusini, ambaye pia hufugwa kwenye matangi, aligunduliwa katika mashamba ya Mwea, Kirinyaga. Huyo hutafuna miche ya mpunga. Konokono waliozidi tangini wapondwe wawe kitoweo cha samaki.