Decimatio: Mmoja kwa Kila Kumi

Kikosi cha jeshi la Roma kilichokimbia vita kilipangwa mbele ya jeshi zima, kisha kura ikapigwa. Kwa kila askari kumi, mmoja aliangukiwa. Hakuuawa na mnyongaji. Askari wenzake ndio waliompiga kwa marungu hadi akafa. Aliyejitahidi kupigana na aliyetupa ngao walikabiliwa na kura ileile, na hapo hasa ndipo ukatili wa adhabu hii ulipo. Mwanahistoria Polybius anaeleza kuwa walionusurika walipewa shayiri badala ya ngano, wakalazimika kupiga kambi nje ya boma.

Ilikuwa adhabu ya nadra. Mwaka 71 KK jemadari Crassus aliifufua katika vita dhidi ya watumwa waasi wa Spartacus; kwa mujibu wa mwandishi Plutarch, waliuawa 50 kati ya 500.

Katika Kiingereza cha leo, neno lililotokana na decimatio humaanisha kuangamiza sehemu kubwa, kama maradhi yanavyofyeka mifugo. Hesabu ya kumi imepotea. Nchini Italia maana ya kale iliishi muda mrefu zaidi. Julai 1917, huko Santa Maria la Longa, askari 12 wa Brigedi ya Catanzaro iliyoasi walichaguliwa kwa kura, wakapigwa risasi.