Kutoka kiwanda cha vinanda hadi Kasoli: ukoo wa fimbo ya rubani

Leo siasa tuziweke kando kidogo. Kuna wasomaji wameniuliza mbona joistiki zao za mitumba zinavuta ndege kushoto zenyewe kwenye simuleta. Nitawajibu, ila kwa kupitia historia, maana ubovu huo una ukoo wake.

Fimbo ya kuongozea ndege ni kazi ya Mfaransa Robert Esnault-Pelterie, mwaka 1907. Kumfundisha mtu kuitumia bila kumuua ndiko kulikochelewa. Edwin Link wa Binghamton, jimbo la New York, alikulia kwenye kiwanda cha vinanda cha baba yake. Mwaka 1929 alichukua mivukuto na pampu za upepo zile zile za vinanda, akaunda kijindege kinachoinama na kugeuka mtu anapovuta fimbo. Jeshi halikumjali. Kijindege kikaishia viwanja vya burudani, watu wanatumbukiza sarafu wanacheka. Kisha Februari 1934 jeshi la anga la Marekani likapewa kazi ya kubeba barua, katikati ya baridi kali, na marubani wasiozoea kuruka ndani ya mawingu kwa kutegemea vyombo tu. Zaidi ya 10 wakafa ndani ya miezi michache. Mwaka huo huo jeshi likanunua mashine 6 za Link, dola 3,500 kila moja. (Serikali ni serikali, ndugu zangu, popote pale.) Katika Vita vya Pili vya Dunia zikatengenezwa maelfu.

Simuleta ilifika mezani kwetu kupitia Bruce Artwick, aliyeitoa kwa kompyuta za Apple II mwishoni mwa miaka ya 1970; Microsoft wakatoa toleo lao mwaka 1982. Throto, yaani mkono wa nguvu ya injini, wengi hawakuwa nayo. Walibonyeza F2 kupunguza na F3 kuongeza.

Sasa tufike kwenye ugonjwa. Ndani ya joistiki za zamani kuna kifaa kama kile cha kuongezea sauti kwenye redio. Unajua redio ikizeeka ukizungusha sauti inakwaruza? Ndicho hicho. Vumbi limeingia, njia imelika, na kompyuta inadhani umeisukuma fimbo. Huku Kasoli kiangazi, pamba ikishavunwa na upepo ukianza, sishangai hata kidogo. Zamani ilikuwa balaa zaidi: kompyuta ilipima muda wa umeme kupita humo, kwa hiyo ukibadilisha kompyuta, vipimo vyote vinahama. USB imeondoa hilo. Vumbi liko pale pale.

Kwenye Windows andika joy.cpl, fungua, halafu achia fimbo kabisa. Alama ikihama katikati, rekebisha vipimo upya. Ikitetemeka, ongeza eneo la katikati lisilosikia. Bado? Safisha kwa dawa ya kupulizia ya mafundi redio. Joistiki zinazotumia sumaku hazisumbuki hivi, lakini bei yake mnaijua. Throto ikienda kinyume, geuza mhimili kwenye programu. Na kabla ya kulaumu kifaa, hakikisha fimbo na throto hazijapewa kazi moja. Hapo ndipo injini inapanda na kushuka kama ina mashetani.

Mnaosema huu ni mchezo wa watoto wa Masaki, nawakumbusha Soroti. Chuo cha urubani kilianzishwa pale Uganda mwaka 1971 kwa ajili ya nchi zetu tatu. Jumuiya ikafa mwaka 1977, chuo kikabaki Uganda, na tangu hapo mtoto wa mkulima wa pamba kuota urubani ni kuota mamilioni ambayo baba hana. Joistiki haitampa leseni. Itampa kile walichokosa wale wa 1934: kuamini vyombo wakati macho hayaoni.

Jaribuni hivi: pakieni uwanja wa Mwanza, funikeni anga lote kwa mawingu, elekeeni mashariki, kusini kidogo, kilomita kama 120. Itafuteni Bariadi kwa dira na saa tu.